Matone Manne ya Polishi

Jumatatu, 9 Septemba 2024
Mashine ya kung'arisha magari imefika! Bi Zaitun, mwenye kituo chetu cha kuoshea magari hapa Kibiti, kaishusha mwenyewe kwenye basi. Inaunguruma vizuri mno. Kasema ataikabidhi kwa mmoja wetu: ama mimi, ama Semeni. Mwingine atabaki na ndoo na matambara. Miaka mitatu ya ndoo inanitosha. Alhamisi tunashindana kwenye gari lake mwenyewe: ubavu wa kulia wangu, wa kushoto wa Semeni. Nimeshaanza kumhurumia Semeni.

Jumanne, 10 Septemba
Mafunzo. Polishi inawekwa kwenye sponji ya mashine, matone manne kwa kila mlango, kila tone kama punje ya choroko. Manne! Nilidhani Bi Zaitun anatania. Kwetu Mbuchi ukimpa mgeni wali wa kuhesabu punje, habari inafika Kiongoroni kabla hajanawa mikono. Mkono mtupu haulambwi. Semeni kaandika yote kwenye daftari. Anajipendekeza.

Jumatano, 11 Septemba
Mpango upo. Semeni aweke choroko zake, mimi nitamimina mpaka gari lishibe. Chupa nzima nimeificha nyuma ya tangi la maji. Nimejaribu pia kofia ya usimamizi. Hakuna kofia ya usimamizi, ni ya shemeji. Imenikaa.

Alhamisi, 12 Septemba
Balaa! Nilimimina nusu chupa, nikawasha. Polishi ikaruka kwenye vioo, kwenye raba za madirisha, kwenye ndevu zangu, hadi kwenye baibui la Bi Zaitun lililoanikwa. Sponji inateleza tu, mikwaruzo ipo palepale. Nikaongeza nusu iliyobaki. Ikazidi kuteleza. Kwenye ubavu wa Semeni unaweza kujitazama ukanyoa ndevu. Roho iliniuma kweli.

Ndipo akili ikanijia. Gari likilowa linang'aa! Nikaumwagia maji ubavu wangu, nikamwita Bi Zaitun haraka. Anaswali. Nikamwagia tena. Katoka, kakutana na jirani aliyerudi kutoka Utete, wakaulizana hali za ukoo mzima. Nikamwagia tena. Tangi likakauka, na jua la Kibiti halina undugu. Alipofika, madoa meupe yalikuwa yanajitokeza mojamoja mbele ya macho yake.

"Kibwana mwanangu," akasema, "umeng'arisha au umepaka chokaa?"

Mashine kapewa Semeni.

Ijumaa, 13 Septemba
Nimeshinda na mswaki nikichokonoa polishi iliyokauka kwenye raba. Baibui pia nimelifua, mara mbili. Semeni kaja. Nilijua kaja kunicheka, hakucheka. Kaikamua sponji yangu, ikatoka polishi ya kung'arishia magari matatu. Kaeleza kwamba ikizidi, sponji inateleza juu kwa juu, haisugui.

"Haba na haba, kaka Kibwana," akasema.

Nikaitikia kwa kichwa. Madaraka yameshamlevya.

Jumamosi, 14 Septemba
Habari njema! Semeni kaniombea kwa Bi Zaitun: yeye aking'arisha, mimi nipake nta. Ndoo basi! Nilifurahi hadi nikamsamehe. Kasema nta ipakwe nyembamba sana, sponji iguse tu kikopo. Nimesema sawa, nimeelewa.

Gari la kwanza, la bwana harusi, linafika saa nne. Kubwa, jeusi, refu. Kikopo chenyewe kidogo, aibu tupu.

Nimekimbia nyumbani kuchukua mwiko wa wali.