Mita Kumi za Keja ya Muriithi

Habari ilifika kwa base ya Njambi, kibanda cha chai cha pale mtaani, saa nane mchana, na kabla chai haijapoa ilikuwa imeshagawanya watu.

"Skizeni, skizeni!" Salim, rubani wa boda boda aliyeitwa Breki kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kumwona akizitumia, alipanda juu ya kiti cha pikipiki yake na simu mkononi. "Grupu ya mtaa imelipuka! Mwenyekiti ametuma barua: 'Mkaazi wa namba thelathini na sita anajulishwa kwamba ule mtambo ulio kwenye uwanja wake utakaguliwa leo saa kumi. Kama ni gari, liende mita kumi kwa nguvu zake lenyewe. Kama ni nyumba, ibomolewe.'"

Wote wakageuka kumtazama mkaazi wa namba thelathini na sita, aliyekuwa kwenye benchi na mandazi mdomoni.

Muriithi alikuwa karani wa kiwanda kimoja Thika kwa miaka thelathini na moja. Alipostaafu aligundua kwamba hajawahi kufika mbali kuliko Sagana. Basi akanunua gari kuukuu ambalo wazungu wawili walikuwa wakilala ndani yake kutoka kwao mpaka hapa. Liliwafia kando ya shamba la kahawa, wakaliacha, wakapanda ndege. Lilikuwa na kitanda, jiko, sinki, na mti mdogo uliokuwa umemea dirishani. Muriithi alilivuta mpaka kwake Membley, akakataa mafundi wote. Kila kitu alijifunza kwa simu, miezi minane, ndiyo maana base ikamwita Injinia, kwa ile sauti watu hutumia wakimwita mbwa mdogo Simba.

"Ni gari," alisema, akimeza mandazi.

"Gari gani iko na pazia?" Njambi aliuliza, akimimina chai bila kutazama kikombe.

"Hata ambulansi iko na pazia!"

"Ambulansi iko na pazia na inaenda, Baba Wangechi. Yako iko na pazia na kuku."

"Kuku alitaga huko ndani mara moja tu!"

"Wee, hiyo ni keja," alisema Breki. "Mahali kuku anataga ni nyumbani."

Njau alikohoa. Njau aliitwa Katiba. Hakuwa wakili, ila aliwahi kuwa shahidi kortini mara mbili na tangu hapo hajatulia. "Wandugu, tusiharakishe. Swali ni hili. Ukiwa ndani ya hiyo kitu na unakojoa, uko kwa nyumba ama uko kwa barabara?"

"Inategemea kama choo inavuja," Breki akajibu.

"Haivuji!" Muriithi alisimama. "Bomba nimelifunga mwenyewe."

"Umelifunga na nini?"

"Tyubu ya baiskeli."

Breki aliinamisha kichwa kwa heshima ya ile tyubu.

"Na injini, Injinia?" Njambi aliuliza, safari hii kwa upole. "Imewahi kuwaka?"

"Imewahi kukohoa."

"Lini?"

"Jumanne."

"Aterere!" Breki alijishika kichwa. "Saa kumi wanaikata vyuma, wanauzia watu wa mabati!"

Wakacheka mpaka benchi ikatikisika. Muriithi pia alijaribu kucheka, akaacha. Alitazama majani ya chai chini ya kikombe. "Mama Wangechi ameshanunua kofia," alisema.

"Kofia ya nini?"

"Ya kwenda Ziwa Bogoria. Kuona flamingo. Mwanzoni aliita hiyo gari jeneza. Akasema hawezi kushonea jeneza pazia. Halafu akashona nne. Wiki jana nikamkuta mbele ya kioo, amevaa kofia, anajiangalia upande huu, anajiangalia upande ule."

Njambi alifunika mandazi kwa sinia, saa ambayo wateja ndio huanza kuja, akajifuta mikono kwa leso. "Kwani mmekaa mnangoja nini? Twendeni."

Walilikuta limeegeshwa katikati ya uwanja, refu na jeupe, limetazama geti kama ng'ombe anayengoja kufunguliwa. Muriithi aliingia, akazungusha ufunguo. Waipa zikacheza. Akapiga honi, taa ya jikoni ikawaka.

"Na ukitaka honi unafanya nini?" Breki aliuliza.

"Unafungua friji."

Breki alilala chini ya dashibodi na tochi ya simu. Njau alisimama pembeni akisoma barua ya mwenyekiti mara ya nne, midomo ikicheza. Dakika zikaenda, na shati la Muriithi likashikana na mgongo kwa jasho.

"Injinia," sauti ikatoka chini. "Hii waya nyekundu inaenda wapi?"

"Hiyo… hiyo ilibaki."

"Ilibaki aje?"

"Nilipomaliza, ilibaki."

"Ngai!" Njambi alisema.

Breki aliigusisha hapa, ikatoa cheche. Akaigusisha pale, na injini ikanguruma. Moshi mweusi ukapanda, ukavuka ua, ukaketi juu ya nguo za jirani. Muriithi alipiga kelele za furaha ambazo hakuwa amezipiga tangu Wangechi azaliwe.

Hapo hapo geti likafunguka, akaingia Ciku, mwenyekiti wa mtaa, mwanamke mwembamba mwenye tepu ya kupimia mkono mmoja na simu inayolia mkono wa pili. Aliikata. Ikalia tena. Akapima mita kumi kuelekea getini, akachora mstari kwa kiatu. "Haya, Mzee Muriithi. Tuone."

Muriithi alikanyaga klachi, akaweka gia ya kwanza kama video ilivyoelekeza, akaachilia.

Gari likarudi nyuma.

"Mbele! Mbele!" Breki alipiga kelele.

"Niko mbele!" Muriithi alijibu, na gari likaendelea kurudi, mita tano, mita nane, likaingia kwenye sukuma wiki, likasimama kwa adabu mbele ya tangi la maji. Tabby, Mama Wangechi mwenyewe, alitoka jikoni. Alitazama mboga zake chini ya gurudumu, akamtazama mumewe aliyekuwa ameng'ang'ania usukani kwa mikono miwili.

"Hiyo sukuma ilikuwa imezeeka," alisema.

Ciku alipima. Mita kumi na moja na nusu. "Lakini limerudi nyuma."

Njau alijitokeza mbele kama mtu aliyengojea siku hii maisha yake yote. "Madam, kwa heshima. Barua yako inasema mita kumi kwa nguvu zake lenyewe. Mahali imesema mbele, nionyeshe, ninyamaze."

Ciku alisoma barua yake. Akaisoma tena. Simu ikalia, akaikata. "Ni gari," alisema kwa uchovu, na base nzima ikarukaruka kwenye sukuma. "Lakini lazima nikague ndani."

Muriithi akashuka, Ciku akapanda kwa mlango wa ubavuni. Mlango ukajifunga nyuma yake, na Muriithi alipoushika aufungue, kitasa kikabaki mkononi mwake.

Walitazama kile kitasa. Ndani, simu ililia mara moja, ikanyamaza.

"Madam?" Muriithi alibisha. Kimya.

"Ameishiwa na hewa," Breki alinong'ona.

"Mimi sikuona chochote," alisema Njau, "na niko tayari kuapa."

Soja wa geti akaja mbio. "Madam yuko wapi? Namba kumi na mbili anasema takataka haijabebwa! Namba hamsini anapigana na mbwa wa namba hamsini na moja!"

Muriithi aliingiza bisibisi kwenye tundu la kitasa, akazungusha, akasukuma, mpaka mlango ukafunguka kidogo. Akachungulia.

Mwenyekiti alikuwa amelala kitandani, viatu vimepangwa chini, simu imezimwa, pazia la maua la Tabby limevutwa. Alifungua jicho moja.

"Kuna mtu ananiulizia huko nje?"

"Ni wengi, Madam."

"Waambie mlango umekwama."

"Lakini nimeshaufungua, Madam."

"Basi ufunge."

Muriithi aliufunga polepole, akaweka bisibisi mfukoni, akawageukia wenzake na soja waliokuwa wamekodoa macho.

"Umekwama," alisema. "Na inaonekana ni kazi ya mpaka usiku."