Presha Yapigwa Marufuku Kazini

Idara yetu ya hapa Gitega ina heshima ya kutangaza kwamba presha na kisukari vimepigwa marufuku kazini. Ndivyo alivyoamuru mkurugenzi wetu, Bwana Egidius. Mimi, katibu wa Kamati ya Afya ya Wafanyakazi, ndiye niliyeiandika amri hiyo, na sikukosea hata nukta.

Kamati ilikaa vikao kumi na kimoja, vyote kwa brosheti za nyama ya mbuzi, viazi vya kukaanga na bia baridi, maana afya haijadiliwi na watu wenye njaa. Tukaazimia kwamba atakayekutwa na presha atapumzishwa kazi moja kwa moja, kwa kumhurumia. Tulimhurumia hasa Adventina, mfagizi wetu, mjane aliyerudi kutoka Tanzania na watoto wanne. Alikuwa amefikisha miaka hamsini na mitano, na shemeji wa mkurugenzi alikuwa anatafuta kazi.

Adventina alikuja mezani kwangu, ufagio mkononi.

"Bwana katibu, kila siku natembea kutoka Magarama, jioni nalima. Mkinifukuza, wanangu watakula nini?"

"Mama, kutembea kwako hakutambuliki. Hukujaza fomu."

Alinitazama, akaenda kufagia. Nilidhani nimemfariji.

Siku ya kupima, nesi Jeska alitoka Muyinga na mashine yake. Adventina alitangulia.

"Kumi na mbili kwa saba, presha iko sawa," alisema Jeska. "Mama, we unakulaka nini?"

"Maharage na mboga za lengalenga. Nyama naiona Krismasi."

Wafanyakazi walipiga makofi. Kamati ilikohoa.

Mkurugenzi akakunja shati ili atoe mfano mwema. Jeska alipima, akapima tena.

"Kumi na nane kwa kumi na moja. Shefu, uende hospitali sasa hivi."

"Mi niko bien, niko muzima! Hii mashine iko mubaya. Katibu, andika imeharibika!"

Ningeandika, ila mkono wangu ulikuwa tayari kwenye mashine. Kumi na saba. Wanakamati wengine watatu hawakupishana sana na mimi.

Mkurugenzi alisimama aondoke kwa hasira, miguu ikamgomea. Dereva alikuwa kwa shemeji, amepeleka makochi. Adventina akaweka ufagio chini, akampa bega, wakaenda hospitali polepole.

"Mama, usikimbie," nilimsikia mkurugenzi akisema kwenye ngazi. Sijawahi kumsikia akimwita mama.

"Sikimbii, bosi. Pumua."

Wakati huo nakala ya amri ilikuwa imeshafika wizarani, na matokeo ya vipimo vya Jeska yakaifuata. Kwa kawaida wizara hujibu baada ya miezi minane. Safari hii ilijibu kwa siku nne, ikaipongeza kamati kwa uzalendo wake na kutupumzisha sote watano, mkurugenzi akiwemo.

Mrithi wa mkurugenzi hajateuliwa bado. Adventina ndiye anayefungua ofisi asubuhi, anapokea karatasi za watu na kuzipeleka kwa makarani zikiwa bado na joto la mikono yao. Jana nilikwenda kuulizia haki zangu. Nilijiandaa kusubiri mpaka saa kumi, kama tulivyozoea kuwasubirisha wananchi.

Nilihudumiwa kwa dakika sita. Sikujua hata pa kulalamika.