Picha za Kuonyesha Kwamba Koko Mbambu Yuko Hai

Bunia, Jumatatu, 8 Septemba 2003
Nimefukua kamera ya baba! Ililala ardhini nyuma ya jikoni tangu mwezi wa tano, ndani ya mfuko wa unga, waporaji walipopita mtaa wetu wa Mudzipela nyumba kwa nyumba. Inafanya kazi. Filimu bado imo, zimebaki picha chache. Zamani nilipiga ovyo: mbuzi, mawingu, kidole changu. Sasa nimesoma. Kitabu cha Kifaransa kisicho na jalada kinasema mpiga picha wa kweli hakimbilii uso. Anangoja. Anatafuta maana. Gauthier wa darasa letu hupiga harusi pa, pa, pa, watu macho yamewatoka. Hana maana hata moja.

Jumanne, 9
Jirani yetu mzee, bibi tunayemwita Koko Mbambu, anatafuta mpiga picha. Mtoto wake Kamate, aliye Butembo, aliambiwa mama yake ameuawa vitani. Huko walishakaa matanga. Juzi Koko alimwita kwa fonie, ile redio ya parokia. Kamate hakuamini, alisema matapeli siku hizi wanaiga hata sauti za marehemu. Akataka picha. Haraka, kwani Jumapili ukoo unamaliza matanga na kugawa shamba la Koko lililo huko.
Koko alikuwa anaenda kwa Gauthier. Nilimwambia Gauthier hana filimu. Uongo. Masikio yaliniwaka. Koko akanishika kichwa, akaniombea baraka. Aibu! Lakini ni kwa ajili ya sanaa.

Jumatano, 10
Koko alivaa kitenge cha Noeli, akasimama wima mlangoni, macho kama taa. "Piga, mutoto wangu!" Nilimwomba akae kwanza. Nikapiga mikono yake tu, mmoja juu ya mwingine, imetulia. Kisha nikamwomba atoke, nikapiga kiti kitupu na kitambaa chake cha kichwa juu yake. Aliuliza kama ni kiti ndicho kinatafutwa Butembo. Nikamwambia avumilie, sasa ni uso. Nikangoja mwanga. Ukachelewa. Gari jeupe la MONUC, walinda amani, likapita, nikangoja vumbi litulie. Mwanga ulipofika, Koko alikuwa amesinzia. Utulivu ulioje! Nikapiga.

Ijumaa, 12
Studio imekata kipande cha filimu nilichopiga na kusafisha picha zangu, kilichobaki kimerudi kwenye kamera. Nzuri mno! Nimezitia katika bahasha, nikaifunga kwa gundi, nikampa msafiri wa Butembo pale uwanja wa ndege. Yeye hamjui Koko, lakini anajua duka la Kamate. Koko alitaka kuziona kwanza. Nilimwambia hakuna muda. Muda ulikuwepo. Niliogopa maswali.

Jumapili, 14
Baada ya misa majirani wote walimsindikiza Koko kwenye fonie kusikia furaha ya mtoto wake. Nilivaa shati lililopigwa pasi.
Butembo wanalia. Kamate alisema amepokea picha: mikono imekunjwa, macho yamefungwa, kiti hakina mtu. Aliwashukuru sana watu wa Bunia kwa kumpiga mama yake picha kabla ya kumzika. Shamba limegawanywa asubuhi. Koko akapiga kelele: "Niko muzima! Nani anazungumuza na weye sasa?" Kamate akasema anayemchezea marehemu atalaaniwa, akakata.
Njiani Koko aliniuliza jambo moja tu. "Mutoto, ulishindwa kuniamusha?" Gauthier alikuwepo. Akamshika Koko mkono. Afadhali angecheka.

Jumatano, 17
Kamate amekuja kuona kaburi. Ameshuka kwenye ndege na msalaba wa mbao begani, jina la mama yake limechongwa. Alimkuta Koko akitwanga sombe, majani ya muhogo. Msalaba ukamponyoka. Koko akamchapa mwiko, akamkumbatia, akamchapa tena. Majirani wote walilia. Mimi nililia nyuma ya choo, mahali panaponifaa.

Alhamisi, 18
Wajomba wa Kamate wameanza kupanda maharagwe katika shamba la Koko. Maneno matupu hawatayakubali, Kamate amesema. Lazima arudi na picha: yeye na mama yake pamoja. Alitaka kumwita Gauthier. Koko alikataa, alisema aliyeharibu ndiye atatengeneza. Nilitamani ardhi inimeze. Nimeapa kwa Biblia: nyuso mbili, macho wazi.
Filimu ilikuwa na picha moja ya mwisho. Walisimama uani juani, bega kwa bega, meno yote nje. Kama harusi za Gauthier kabisa! Kidole kikasita. Ndipo nikaona, pembeni, msalaba umeegemea ukuta, peke yake, jina la Koko limeguswa na mwanga upande mmoja. Nikageuza kamera. Kidogo tu: msalaba ndani, nyuso nje. Nikapiga.
"Tayari?" Kamate aliuliza. Nikajibu tayari. Koko akanibariki tena, nikatazama chini.
Jumamosi picha inapanda ndege na Kamate, katika bahasha nitakayoifunga mwenyewe kwa gundi. Wajomba wataelewa.