Bata Mzinga kwa Papa Kazadi

Jumatatu, 22 Julai

Siku ya kumi na sita ya ndoa. Anaïs amelala juu ya mkono wangu wa kushoto. Umekufa ganzi. Sitausogeza!

Tatizo ni baba yake. Siku ya harusi Papa Kazadi aliniuliza kama ninaweza kulisha nyumba. Nikamwambia kwamba kule kwetu Likasi, kabla ya kuja Ulaya, niliwinda bata mzinga wa porini kwa bunduki ya upepo. Sijawahi kushika bunduki. Leo amepiga simu: Jumapili anakuja kula, na ndege awe amepigwa na mimi. Mke wangu alinitazama kwa fahari. Kwa macho yale nitawinda hata tembo.

Jumatano, 24 Julai

Binamu yangu Tshibangu ameniazima bunduki yake ya upepo. Anasema hata kopo halitoboki vizuri. Nimeibeba hadi msitu wa Soignes, nje ya mji, ndani ya zulia tulilopewa zawadi. Mlinzi akauliza zulia ni la nini. Nikasema pikiniki. Nikamuuliza kwa adabu bata mzinga wa porini wanakaa upande gani. Akajibu: Amerika.

Ijumaa, 26 Julai

Nimetafakari. Nimenunua bata mzinga mtaa wa Matonge, amenyonyolewa tayari. Nikamtundika ghalani, chini ya nyumba yetu hapa Saint-Gilles. Nikasimama hatua nne mbele yake. Risasi kumi na moja. Mbili zimempata. Mbili nyingine zimepata matairi ya baiskeli ya Maman Pétronille wa ghorofa ya pili. Nimemwachia kikaratasi cha pole, bila jina.

Jumapili, 28 Julai

Nilimpika mwenyewe, mpenzi wangu apumzike. Papa alikuja amevaa suti. Aliyapapasa matundu mawili ya risasi, akatikisa kichwa kwa heshima. Kisha akaomba firigisi. Kwetu firigisi ni ya baba mkwe, na mimi nilikuwa nimeisahau kabisa. Akaingiza uma tumboni mwa ndege. Ikatoka polepole, pamoja na ini, ndani ya kifuko cha plastiki.

Papa akauliza, "Ndege wa pori anavalaka sachet?"

Nikasema Ulaya wanapenda usafi.

"Beau-fils, mukwe wangu, nilikaa Likasi miaka vingt, makumi mbili. Dindon wa pori sikuona hata mumoja."

Anaïs alitazama sahani yake. Niliona ndoa yangu ikiishia pale, kati ya viazi na pilipili.

Papa akafungua kifuko. Akaikata firigisi, akaniwekea nusu.

"Mutoto wangu hakuolewa na bunduki. Uniambiaka tu ukweli, bon, tutaheshimiana."

Nililia. Anaïs alinifuta kwa kitambaa cha meza. Malaika!

Jumatatu, 29 Julai

Nimeapa: uongo basi.

Papa amepiga simu asubuhi, sauti laini. Jumamosi anaenda kuvua samaki na wanaume wa kanisa. Akauliza kama najua uvuvi. Anaïs alikuwa anasikiliza, shavu lake begani mwangu. Nikajibu kwamba kwenye mto Lufira nilikuwa navua mamba.

Mamba wadogo, nikaongeza, maana sasa mimi ni msema kweli.