Mtoto Mmoja, Wataalamu Watatu na Biskuti Zangu

Jumatatu, 4 Machi
Msimamizi wetu kaenda semina. Hatimaye! Yeye huchunguza kwa nini mtoto anapiga kelele, kisha hupanga tufanye nini. Mimi msaidizi: nakaa mkekani na mtoto, nafuata mpango. Mwaka mzima nadaka viatu kwa uso kwa ajili ya mpango wa mtu mwingine. Mtoto wetu hapa kituoni ni binti wa miaka minne. Hajawahi kusema neno, ila shabaha anayo. Mpango unasema akipiga kelele nisimpe kitu mpaka aguse picha ya anachotaka. Polepole mno. Wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Hawakukutana na binti huyu. Nikampa biskuti. Kimya papo hapo!

Jumanne, 5 Machi
Kelele zimezidi, lakini kila moja inakwisha upesi. Maendeleo. Mtaalamu wa matamshi, anayemfundisha kutoa sauti, kauliza mbona mtoto hagusi picha tena. Nikamjibu kila mtu ashike lake. Wivu tu.

Jumatano, 6 Machi
Mama mtu kapiga simu. Binti kalala chini dukani, mbele ya biskuti, akapiga yowe hadi wateja wakatoka. Nikamweleza hiyo ni dalili njema. Akakata simu. Nadhani kaguswa.

Alhamisi, 7 Machi
Msimamizi karudi, kakaa pembeni akitazama. Biskuti zikaniishia. Kiatu cha kwanza kikanipata mimi. Cha pili mtaalamu wa matamshi akakidaka. Kwa mkono!

"Unadhani umemfundisha kunyamaza," msimamizi akaniambia taratibu. "Yeye ndiye kakufundisha kutoa biskuti."

Tukarudi kwenye mpango. Yowe la kung'oa bati. Msimamizi akaniashiria nisitikisike. Mtaalamu akawa anatamka neno lile lile, "maji", polepole. Mama mtu kasimama mlangoni, kajiuma kidole. Mimi nimenyoosha picha ya maji, maana sasa anaililia chupa. Binti akaitazama picha. Akaigusa.

"Ma," akasema.

Mama yake akaketi sakafuni kando yake. Macho yangu yakaingiwa na vumbi. Mkeka ule haufagiwi.

Ijumaa, 8 Machi
Nimetafakari kwa kina. Ni wazi biskuti zilimlainisha koo. Neno lilikuwa njiani tangu Jumatatu, likachelewa, sifa zikaangukia wengine. Msimamizi anakwenda likizo wiki ijayo. Nimeshanunua peremende.