Malalamiko ya Mpiga Picha Dhidi ya Swali la Tatu

Studio ya Picha,
Chumba cha chini, mkabala na posta.
Jumatano.

Kwa Mwalimu wa Fasihi, Kidato cha Nne.

YAH: SWALI LA TATU NA MADHARA YAKE NYUMBANI KWANGU

Mheshimiwa Mwalimu,

Kichwa cha habari hapo juu kinajieleza chenyewe, ila mimi nitakieleza zaidi, maana muda ninao. Mimi ni baba wa yule binti anayekaa dawati la mbele na kuuliza maswali mpaka kengele inalia. Ripoti zako nazipokea kila muhula na kuzihifadhi kwenye bahasha. Ndiyo maana nimesikitika kulazimika kukuandikia kwa jambo la namna hii.

Muhula huu umewasomesha watoto tamthilia ya zamani ya Kirusi. Sina neno na hilo. Nimeisoma hata mimi, ukurasa kwa ukurasa, nikiwa nimekaa kwenye kiti cha wateja. Humo mna familia ya heshima yenye nyumba kubwa na bustani ya miti ya matunda, na vyote vinakwenda mnadani. Anatokea mtu ambaye wazee wake walikuwa watumishi palepale, anawaambia la kufanya, wao wanazungumza mambo mengine, na mwisho wa yote mnunuzi ni yeye. Basi wewe ukauliza katika mtihani: "Jadili mabadiliko ya jamii katika tamthilia hii, kwa kutumia mifano hai." Mwalimu, hayo maneno mawili ya mwisho ndiyo yaliyonifikisha hapa.

Malalamiko yangu nayapanga hivi:

1. Mfano hai ni mimi. Binti yangu ameandika kurasa tano kwamba baba yake ana studio, kwamba siku hizi watu wanajipiga picha wenyewe kwa simu huku wanatembea, kwamba lile pazia langu lililochorwa ndege inayopaa halijapata mteja wa kusimama mbele yake tangu mwaka juzi, na kwamba kila asubuhi nalipangusa vumbi. Yote ni kweli, lakini ukweli wa nyumbani hauandikwi kwenye karatasi za mtihani. Wewe ukampa alama nyingi, kisha ukamwandikia kwa wino mwekundu, "Endelea kuchunguza." Na kweli anaendelea. Akitoka shule anakuja studio na daftari lake, anakaa pembeni. Juzi nilipiga chafya, akaandika.

2. Amefananisha watu wasiofanana. Yule mnunuzi wa Kirusi amemlinganisha na Stendi. Huyu Stendi alikuwa msaidizi wangu kwa miaka tisa, na jina hilo nilimpa mimi, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kubeba stendi ya kamera. Leo ana maduka matatu ya kuchapa picha na gari lenye kiyoyozi, na bado ananiita Mzee na kunipa mkono kwa mikono miwili, jambo ambalo mimi naliona ni dharau ya chinichini.

Sasa, mwenye jengo letu anauza. Mimi, kama mpangaji wa siku nyingi, nina haki ya kununua kwanza, ila uwezo sina. Stendi uwezo anao, ila haki hana. Kwa hiyo ameniletea karatasi: nitie sahihi, yeye anunue, na nusu ya chumba ibaki yangu mpaka siku nitakapokufa, pamoja na pazia langu na chumba changu cha giza cha kusafishia picha. Nusu ya pili ataitumia kupigia picha za pasipoti. Jibu linatakiwa Ijumaa, saa sita mchana, la sivyo kuna mnunuzi mwingine anayetaka kubomoa apate mahali pa kuegesha magari. Mke wangu ameshaniwekea kalamu juu ya karatasi hiyo mara tatu. Kalamu nimeichukua, na ndiyo hii ninayokuandikia.

Sijakataa, Mwalimu, elewa hivyo. Nasema tu kwamba mtu hawezi kuja kunigawia nusu ya chumba ambamo nilimfundisha kushika kamera. Imeniuma, na sioni haya kukuambia.

(Hapa nilikatizwa na chakula, kisha na Alhamisi.)

3. Wale Warusi waliponzwa na uzembe. Siku ya mnada inakaribia, wao wanakumbuka utoto wao, wanalia, wanakumbatiana, wanacheza dansi. Hakuna hata mmoja aliyekaa akaandika barua ya malalamiko. Wangekuwa na mtu mmoja tu mwenye mwandiko unaosomeka, bustani ingekuwa yao mpaka leo. Kunilinganisha na watu wa maneno matupu ni kunivunjia heshima. Mimi ni mtu wa vitendo. Barua hii peke yake nimeiandika mara nne, kwa sababu nakala ya kwanza ilikuwa na makosa, ya pili ilikuwa na hasira, na ya tatu binti yangu aliichungulia.

4. Mabadiliko yenyewe yameanzia shuleni kwako. Kabla ya swali la tatu hapakuwa na mtu nyumbani aliyeyataja. Sasa hata mke wangu akinipakulia chakula ananiambia enzi zimepita, na ananiambia kwa upole, ambao ni mbaya zaidi. Kilicholetwa na mtihani, Mwalimu, kinaweza kuondolewa na mtihani.

Kwa hiyo naomba yafuatayo. Alama za binti yangu zipunguzwe mpaka kiwango ambacho mzazi anaweza kukaa nacho mezani. Swali lifutwe, na badala yake waulizwe, "Eleza faida za mambo kubaki yalivyo." Tamthilia isomwe bila sehemu yake ya mwisho, ili watoto waiache familia ikiwa bado ndani ya nyumba. Tena shule itoe tamko, lenye muhuri, kwamba mabadiliko ya jamii yamesimamishwa mpaka nitakapokuwa tayari. Sitawachelewesha sana. Nahitaji wiki mbili, labda tatu.

Nisalimie Mwalimu Mkuu, na umwambie picha yake ya harusi bado iko dirishani kwangu na wapita njia wanaisifia. Wasalimie walimu wenzako wote, mpiga kengele, mpishi, na yule karani wa ofisini ambaye hufumba macho kila nikimpiga picha.

Naishia hapa kwa adabu zote, nikisubiri muhuri,

Mzazi na Mpiga Picha.

Nakala: Mwalimu Mkuu, ubalozi wowote wa Warusi ulio karibu.

Tanbihi: Leo ni Jumamosi. Jana saa tano Stendi alikuja akaketi. Nilikuwa nanakili lalamiko la tatu kwa usafi, nikamwinulia mkono asubiri. Akasubiri. Ndivyo nilivyomzoesha miaka yote ile, kwamba nikiwa kazini mtu hasemi. Baadaye aliniaga kwa sauti ndogo, nami nikamjibu "haya" bila kuinua kichwa. Nilipomaliza na kutazama saa, ilikuwa saa saba kasoro robo.

Asubuhi hii wamekuja watu wawili na futi kamba kupima chumba. Mimi ndiye niliyewashikia ncha ya pili. Wanasema hapa yataingia magari mawili, matatu yakiwa madogo.

Walipoondoka niliisoma upya karatasi ya mtihani ya binti yangu. Nimeona ulimkata alama mbili, ukaandika pembeni kwamba hapo ametia chumvi, baba wa namna hiyo hayupo. Naomba umrudishie.