Neno Duka na Benchi la Baba

Jumatatu, 4 Mei

Nina hasira hadi kalamu imetoboa karatasi. Mwenyekiti wa mtaa, Mama Anastasia, kaja na daftari lake. Jumapili kuna mkutano, mtaa wetu hapa Kibamba upewe jina na kibao kisimikwe. Nikamwambia jina lipo: Mtaa wa Mzee Pazi! Marehemu baba ndiye aliyefungua duka la kwanza hapa, enzi hizo pori tupu. Akasema wapo wanaotaka Mtaa wa Saifuddin. Saifuddin! Muuza nondo na saruji wa ng'ambo ya barabara, kaja juzi tu! Mwaka wa sita huu. Na kaandika DUKA ukutani kwa herufi kubwa kuliko zangu.

Nimepata dawa yake. Duka ni neno letu Wazaramo. Nikithibitisha hilo, Saifuddin ni mgeni aliyeazima mpaka neno, na mtaa ni wa baba. Nataka jina la mzee wangu libaki. Basi.

Jumanne, 5 Mei

Nimempigia dada yangu Naima, mwalimu wa Kiswahili. Kacheka! Eti duka tumelitoa kwa Waarabu, dukkan. Waajemi wanalo, Waturuki wanalo, Wasomali wanalo. Eti zamani sana Uarabuni lilikuwa benchi la jiwe nje ya nyumba. Mtu anakaa, anapanga vitu vyake, anauza. Nani kamuuliza habari za mabenchi?

Sawa. Kuanzia leo sie ni Waarabu. Babu alitoka Maskati. Nimetoa kanzu ya Idi kabatini.

Alhamisi, 7 Mei

Gaspar! Fundi viatu, Mnyamwezi, mtani wangu. Miaka kumi na moja anashonea viatu kwenye benchi la mbao mbele ya duka langu, kodi hata shilingi hatoi. Kaniona na kanzu, kauliza nani kafa. Nikaeleza ukoo wa Maskati, wateja wanasikiliza vizuri tu. Akawaambia babu yangu alikuwa dobi Kisarawe. Kweli alikuwa dobi, lakini ndio aseme mbele za watu?

Nikajichekesha tu. Mtani hakasirikiwi, ukikasirika unatozwa faini. Kwenye msiba wa baba alivaa kofia ya marehemu akazunguka akidai kahawa yake, nami nikalazimika kucheka huku nalia.

Jumamosi, 9 Mei

Nimevuka barabara kumkabili Saifuddin. Nikamtaka aeleze neno duka kalitoa wapi. Akasema kwao wanaongea Kigujarati, mama yake husema dukaan, anadhani Waajemi ndio waliowapa, zaidi ya hapo hajui, na je, kaka Mwinjuma umekula? Akanifungashia chevda, ule mchanganyiko wao wa karanga na dengu. Kuhusu mtaa, akasema hajaomba jina, wateja ndio wanamtajataja.

Sasa mtu kama huyu unagombana naye vipi? Nimekula chevda yote kwa hasira.

Jumapili, 10 Mei

Mungu wangu!

Nilianza vizuri. Nikasema neno duka limetoka Maskati na babu yangu, likafika Kisarawe, baba akalileta Kibamba. Watu wakatazamana. Nikajua nimeshinda. Gaspar akanyoosha mkono.

Kumbe Ijumaa Naima alimpelekea viatu, akamsimulia yote! Gaspar akauambia mkutano kwamba duka asili yake ni benchi la nje. Kwa hiyo mwenye duka ni anayekaa nje. Miaka kumi na moja anakaa nani? Yeye. Mwinjuma ni mpangaji wake kule ndani, na kodi hajalipa.

Watu wakalia kwa kicheko. Saifuddin akapangusa miwani. Mie nikapasuka kwa hasira. Nikamwita Gaspar mwizi, mpumbavu, nikamtupia kandambili. Haikumpata. Ikampata Mama Anastasia.

Nimetozwa jogoo. Jogoo wangu mwekundu! Wamemla hapohapo, na mtaa wameuita Mtaa wa Benchini. Mikono yote juu, hata ya Naima.

Jumatatu, 11 Mei

Naima kaja kunibembeleza. Kauliza, lile benchi kalitengeneza nani? Nikasema baba, kwa mikono yake, kwa mbao za mvule. Akasema basi mzee kabaki, kila atakayetaja mtaa huu anamtaja yeye. Nikamfungulia soda, ya bure.

Alipoondoka nikaliingiza benchi ndani, nikafunga kufuli. La baba, Gaspar halikalii tena!

Jumatano, 13 Mei

Kibao kimesimikwa. Mtaa wa Benchini. Asubuhi mgeni kauliza Benchini ni wapi. Watu wote wakamwelekeza ng'ambo. Saifuddin kamwekea Gaspar benchi jipya, la chuma, lina hadi mwavuli. Bodaboda wote wamehamia huko. Kwangu nje kuna alama nne tu za miguu ya benchi ardhini.

Sikubali! Nimempigia Naima, nikauliza neno benchi asili yake wapi. Akavuta pumzi, akasema kwa Waingereza.

Safi sana. Babu alikuwa dobi. Lazima alifua nguo za Mwingereza.